Posho, Fidia na Mstari wa Kura: Historia Fupi ya Mabaraza Yetu na Maneno Yake

Katika muhula uliopita tuliwapa wanafunzi wetu wa mwaka wa pili zoezi la kutafsiri kumbukumbu za kikao cha baraza la tarafa moja ya mashambani katika Buganda. Ajenda zilikuwa tatu. Ya kwanza ilihusu mahali pa kupigia kura: wanakijiji waliomba kituo kihamishwe kutoka uani kwa mwenye ardhi mmoja hadi uwanja wa shule, na baraza likakubali kuiandikia Tume ya Uchaguzi. Ya pili ilihusu fidia kwa wapangaji wa vibanja ambao mibuni na migomba yao ilikatwa kupisha barabara. Ya tatu ilihusu malipo ya madiwani kwa kuhudhuria vikao.

Mwanafunzi mmoja alisimama akasoma tafsiri yake: "Madiwani waliomba waongezewe posho." Darasa zima likaangua kicheko. Wasomaji wetu wa Dar es Salaam hawataona cha kuchekesha hapo, lakini wa Kampala wameshaelewa. Kwa Mganda, posho ni ugali. Wanafunzi waliwaona madiwani wamejipanga na sahani mkononi, wakidai kijiko cha pili. Nasi tukacheka nao.

Kicheko kilipotulia, msichana mmoja aliyekuwa amekaa nyuma aliuliza: "Mwalimu, mbona katika kumbukumbu hizi jambo la posho limechukua kurasa mbili, na la fidia mistari minne tu?" Baadaye tulifahamu kwamba kwao wanaishi kwenye kibanja. Siku ile hatukuwa na jibu la kumridhisha. Makala haya ni jaribio letu la kumjibu, na tumeona vyema kulifanya kwa njia tunayoifahamu sisi walimu wa lugha, yaani kwa kuyafuata maneno yenyewe yalikotoka.

Baraza lililojigawia ardhi

Mkataba wa Buganda ulitiwa saini tarehe 10 Machi 1900. Wengi wetu tuliusoma shuleni kama mkataba kati ya Waingereza na Kabaka, ambaye wakati huo alikuwa mtoto mdogo. Tukiusoma kwa jicho la mada yetu ya leo, tunaona kwamba ulikuwa pia hati ya kuunda baraza na kupanga malipo yake. Lukiiko liliwekewa wajumbe 89: mawaziri watatu, machifu 20 wa masaza, watu mashuhuri 60, watatu kutoka kila saza, na wengine sita walioteuliwa na Kabaka. Hakuna hata mmoja aliyepigiwa kura na mwananchi wa kawaida.

Malipo hayakusahauliwa. Kila chifu wa saza aliwekewa pauni 200 kwa mwaka, na kila waziri pauni 300. Kwa upande wa pili, kila nyumba ilitozwa kodi ya rupia tatu. Kisha ikaja ardhi. Kila chifu wa saza alipewa maili nane za mraba ziwe mali yake, na nyingine nane za cheo chake. Maili 8,000 za mraba zilitengwa kwa machifu na wenye ardhi wengine waliokadiriwa kuwa 1,000, na kazi ya kuamua nani apate nini ikaachiwa Lukiiko lenyewe. Kwa maneno mengine, waliokaa kwenye kikao ndio waliogawa, na ndio waliogawiwa. Kutokana na neno "maili" tukapata jina la umiliki huo, *mailo*, ambalo mpaka leo linatawala mashauri ya ardhi katika mahakama zetu.

Na waliokuwa wakiishi juu ya ardhi hiyo? Mkataba haukuwaandikia haki yoyote. Walilala wakiwa watu wa chifu wao, wakaamka wakiwa wapangaji wake.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, tangu siku ya kwanza mpangilio ulikuwa huu: malipo ya wajumbe yalitangulia, haki ya mpangaji ikasubiri, na kura haikutajwa kabisa.

Busuulu, nvujjo na kanzu

Mpangaji wa kibanja (neno lisilo mbali na "kiwanja" la Kiswahili) alidaiwa mambo mawili. *Busuulu* ilikuwa kodi ya kukaa juu ya ardhi. *Nvujjo* ilikuwa sehemu ya mazao. Maadamu mazao yalikuwa ndizi za kula na pombe ya nyumbani, nvujjo haikuwa mzigo mkubwa. Pamba ilipoingia na kuanza kuleta fedha, wenye ardhi wengi waliona mlango wa utajiri, wakadai sehemu kubwa ya kila kilichouzwa. Katika miaka ya 1920 malalamiko yalizidi, na wakuu wa koo, yaani *bataka*, wakasimama kudai kwamba ugawaji wa mwaka 1900 uliwadhulumu.

Lukiiko lilikuwa na nafasi ya kulitatua jambo hilo, lakini lilikuwa limejaa wenye ardhi. Mwenye kula nvujjo hawezi kwa urahisi kuipunguza nvujjo. Ilihitajika serikali ya kikoloni isukume, nayo haikusukuma kwa huruma tu: ilitaka mkulima abaki na moyo wa kulima pamba. Ndipo ikapatikana Sheria ya Busuulu na Nvujjo ya mwaka 1928. Sheria hiyo iliweka kikomo cha malipo yote mawili, busuulu ikawa takriban shilingi 10 kwa mwaka, na ikamzuia mwenye ardhi kumfukuza mpangaji bila amri ya mahakama. Kibanja sasa kilirithiwa. Mtu aliweza kupanda mbuni akijua kwamba mwanawe ndiye atakayeuchuma.

Hapa tungependa walimu wenzetu waangalie neno moja. Mtu anaponunua kibanja kutoka kwa mpangaji mwingine, desturi humtaka ajitambulishe kwa mwenye ardhi na kumpa kitu kinachoitwa *kanzu*. Siku hizi kinachotolewa ni fedha, na mara nyingine fedha nyingi, lakini jina limebaki lile lile la vazi lililopanda na misafara ya wafanyabiashara wa pwani waliofika ikulu ya Kabaka katika miaka ya 1840. Vazi la heshima likawa zawadi ya heshima, na zawadi ya heshima ikageuka ada. Wale wanaosema kwamba Kiswahili ni lugha ya kambini tu, isiyojua mambo ya kijijini kwetu, wajiulize neno hili liliingiaje katika jambo la ndani kabisa la Mganda, yaani ardhi yake.

Wapangaji hawakubaki na usalama huo daima. Mwaka 1975 Idi Amin alitoa Amri ya Mageuzi ya Ardhi, iliyotangaza kwamba ardhi yote ni ya umma na kuigeuza mailo kuwa ya kukodishwa kwa muda. Wengine walishangilia kwamba busuulu na nvujjo zimefutwa. Kilichofutwa pamoja nazo ni ulinzi wa mwaka 1928. Mpangaji akawa mtu anayevumiliwa tu, anayeweza kuondolewa kwa kupewa taarifa na kulipwa alichoendeleza.

Mayumba kumi

Kura nayo ilichukua njia ndefu. Wananchi wa Buganda walipiga kura ya moja kwa moja kuwachagua wajumbe wa Lukiiko Februari 1962, ambapo Kabaka Yekka ilipata viti 65 kati ya 68. Miaka mitano baadaye, katiba ya mwaka 1967 ilifuta falme, na sheria mpya ya tawala za mitaa ikayaweka mabaraza chini ya mkono wa waziri. Mwananchi alikuwa amepewa kura kwa mkono mmoja na kunyang'anywa kwa mwingine.

Mwaka 1979 majeshi ya Tanzania, pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni, yaliung'oa utawala wa Amin. Pamoja nayo ulikuja mtindo wa uongozi uliokuwa umezoeleka Tanzania tangu miaka ya 1960, wa balozi wa nyumba kumi. Hapa kwetu haukuitwa nyumba kumi. Uliitwa *mayumba kumi*.

Mwalimu wa Kiswahili akisikia "mayumba" hukimbilia kalamu nyekundu. Nyumba ipo katika ngeli ya 9/10: nyumba moja, nyumba kumi. Lakini kabla ya kusahihisha tukumbuke Kiganda: *ennyumba* moja, *amayumba* mengi. Waganda hawakukosea. Walilichukua wazo la Kiswahili na kulivalisha wingi wa Kiganda, kama mtu anavyoshona upya nguo ya kununua ili imkae vizuri.

Nguo ilikaa, lakini aliyeivaa alibadilika. Katika miaka ya kwanza ya 1980, wakati sukari, chumvi na sabuni vilikuwa adimu, mwenyekiti wa mayumba kumi alikuwa mtu wa mgao na mtu wa chama tawala. Alijua nani analala wapi. Watu wengi walimwogopa kuliko walivyomwamini, na ndiyo maana neno lenyewe mpaka leo wazee hulitamka kwa sauti ya chini.

Kupanda mstari

Katika maeneo ya Luwero yaliyoshikwa na wapiganaji wa NRA kati ya mwaka 1981 na 1986, vijiji vilianza kuchagua kamati zao wenyewe. Baada ya Januari 1986 mtindo huo ulienea nchi nzima, na sheria ya mwaka 1987 ikaupa msingi: Mabaraza ya Mapambano, yaani RC, kuanzia RC1 ya kijiji hadi RC5 ya wilaya, kila kamati ikiwa na watu tisa. Katika kijiji, kila mkazi mtu mzima alikuwa mjumbe wa baraza. Juu ya hapo, kamati ya chini ndiyo iliyochagua ya juu yake.

Kura ilipigwa kwa watu kusimama nyuma ya mgombea wanayemtaka. Kiganda husema *okusimba ennyiriri*, yaani kupanda mistari, kwa kitenzi kile kile cha kupanda mgomba. Majirani zetu wa Kenya walikuwa na neno lao, mlolongo, ambalo mwaka 1988 lilipata sifa mbaya kwa sababu katika kura za mchujo za KANU mistari mirefu ilitangazwa kuwa mifupi, na aliyepewa asilimia 70 alihesabiwa amepita bila kupingwa. Kwetu, katika miaka ile ya mwanzo, mstari ulipendwa na wengi. Hapakuwa na karatasi ya kuibiwa. Kila mtu aliweza kuhesabu vichwa mwenyewe.

Lakini mstari una jambo moja ambalo sanduku la kura halina: unaonekana. Ndiyo maana mahali pa kuupanga si jambo dogo. Mpangaji anayesimama uani kwa mwenye ardhi, mbele ya baraza ya nyumba yake, akiwa nyuma ya mgombea asiyetakiwa na mwenye nyumba, anakuwa ameitaja kura yake kwa mtu anayeweza kumdai busuulu kesho asubuhi. Uwanja wa shule ni wa wote. Mwembe wa njia panda ni wa wote. Tukirudi kwenye kumbukumbu zetu za darasani, sasa tunaelewa kwa nini wale wanakijiji waliomba kituo kihamishwe, na kwa nini ajenda ya kwanza na ya pili ni jambo moja lenye sura mbili.

Asilimia ishirini

Katiba ya mwaka 1995 ilibadili jina, RC zikawa LC, na Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1997 ikayapa mabaraza fedha na mamlaka. Katika maeneo ya mashambani, tarafa ilikusanya mapato na kubaki na asilimia 65. Asilimia 35 zikaenda wilayani. Kutokana na fungu la tarafa, robo ilitakiwa irudi vijijini. Na ili madiwani wasijilipe kila kinachoingia, sheria iliwawekea kikomo: malipo na marupurupu yao kwa mwaka yasizidi sehemu maalumu ya mapato ya ndani yaliyokusanywa mwaka uliotangulia. Kikomo hicho kimejulikana kwa miaka mingi kama asilimia 20.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 nayo ilimrudishia mpangaji usalama. Aliyekaa juu ya ardhi miaka 12 au zaidi kabla ya katiba ya mwaka 1995 bila kusumbuliwa, alitambuliwa kuwa mkazi halali asiyeondolewa ovyo. Kodi yake kwa mwaka iliwekwa isizidi shilingi 1,000, na mwaka 2004 kazi ya kuipanga ikahamishiwa bodi ya ardhi ya wilaya kwa idhini ya waziri. Bodi hiyo, ambayo wajumbe wake huteuliwa na baraza la wilaya, ndiyo inayotakiwa pia kuandaa orodha ya viwango vya fidia: mbuni bei gani, mgomba bei gani, nyumba ya udongo bei gani. Sheria inasema orodha ipitiwe kila mwaka. Wilaya nyingi zimekuwa zikichelewa, na orodha ya zamani humlipa mwenye mbuni wa leo kwa bei ya juzi.

Mwaka 2005, miezi michache kabla ya uchaguzi mkuu wa Februari 2006, serikali kuu ilisimamisha kodi ya kichwa. Hatuwezi kumlaumu mwananchi aliyefurahi. Kodi hiyo ilikuwa ya usumbufu, na waliokosa kuilipa walikamatwa hadharani. Lakini ilikuwa ndiyo uti wa mgongo wa mapato ya mabaraza. Ilipoondoka, asilimia 20 ya kitu ikawa asilimia 20 ya karibu na bure. Serikali kuu iliahidi kuziba pengo kwa fungu lililoitwa, kwa kweli kabisa, fidia ya kodi ya kichwa. Fungu hilo halikuziba pengo. Mabaraza yenyewe yakajikuta katika hali ya mpangaji aliyekatiwa mibuni: yanangoja fidia kutoka juu, nayo inachelewa na haitoshi.

Mwaka huo huo nchi ilirudi kwenye mfumo wa vyama vingi. Mwaka 2007 Mahakama ya Katiba ikatamka kwamba mabaraza ya vijiji yaliyoundwa chini ya mfumo wa zamani hayapatani na mfumo mpya. Uchaguzi mwingine wa vijiji ulipaswa kufuata mara moja. Haukufanyika hadi tarehe 10 Julai 2018, miaka 17 baada ya ule wa mwaka 2001, na ulifanyika kwa mstari. Kwa miaka hiyo yote wenyeviti wale wale waliendelea kugonga mihuri kwenye hati za mauzo ya vibanja, huku bahashishi rasmi ya mwenyekiti wa kijiji ikiwa shilingi 120,000 kwa mwaka mzima. Mwaka 2011 iligundulika kwamba hata baiskeli 70,000 walizoagiziwa zililipiwa sehemu ya bei na hazikufika. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Mwenyekiti asiye na posho atatafuta posho kwenye muhuri, na anayekuja kugongewa muhuri ni yule yule mwenye kibanja.

Jibu letu

Sasa tunaweza kumjibu mwanafunzi wetu. Posho ilichukua kurasa mbili kwa sababu ndilo jambo pekee kati ya yale matatu ambalo madiwani walikuwa wakilijadili kama wenyewe. Fidia ilipata mistari minne kwa sababu viwango vyake hupangwa kwingine, na kwa sababu tangu mwaka 1900 mpangaji huzungumziwa kikaoni zaidi kuliko anavyozungumza. Aliposikilizwa, ilikuwa ni kwa sababu msukumo ulitoka nje ya kikao, kama mwaka 1928, au kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa ndiye baraza, kama katika vijiji vya mwaka 1986.

Hatusemi kwamba posho ni dhambi. Neno lenyewe linatufundisha kinyume chake. Posho ilikuwa chakula cha mpagazi na cha mfanyakazi, kipimo cha unga alichopewa ili aweze kuifanya kazi aliyotumwa. Tanzania limekuwa fedha ya kikao; Uganda limebaki kwenye sufuria. Maana zote mbili zina asili moja: anayekula posho ametumwa na mtu. Swali la kumuuliza diwani si kwa nini anakula, bali ametumwa na nani. Zamani za kodi ya kichwa, aliyelipa aliweza kusema "nimekutuma mimi". Posho inapotoka hazina kuu, sauti hiyo hupungua, na mahali inapoweza kusikika tena ni kwenye kura. Kwa sababu hiyo, uamuzi wa mahali pa kupigia kura, ambao katika kumbukumbu zetu ulipita kwa dakika chache, ndio uliokuwa mzito kuliko yote matatu.

Kwa walimu wenzetu, tunapendekeza mambo mawili. Kwanza, kumbukumbu za vikao zitumike darasani. Katiba ilirekebishwa mwaka 2005 kukifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili nchini Uganda, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe katika shule zote; lakini lugha haipati mizizi kwa kutajwa katika sheria. Hupata mizizi pale mtu anapoweza kusoma kwayo jambo linalohusu shamba la mama yake. Pili, tusifute haraka "mayumba", "kanzu" na "posho" za wanafunzi wetu. Tuwaonyeshe matumizi sanifu, ndiyo, lakini tuwaambie pia kila neno lilipita njia gani hadi likafika hapa.

Yule msichana alirudisha tafsiri yake wiki iliyofuata. Sehemu ya posho alikuwa ameifanya vizuri. Kwenye ile mistari minne ya fidia alikuwa ameongeza, kwa penseli, swali moja pembeni: "Na orodha ya bei ilipitiwa lini?" Halikuwemo katika kumbukumbu. Tulimpa alama zake zote.